MaikroRNA na saratani ya tezi dume: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina mbili. Wapo wanafunzi wa maabara waliokutana na neno hili darasani, na wapo wanaume, au mara nyingi zaidi wake zao na watoto wao, waliokwisha kupewa majibu ya hospitali na sasa wanasoma kwenye simu usiku kucha. Nimewajibu wote hapa. Mwenye mgonjwa nyumbani na asiye na muda aanze na maswali ya mwishoni, kisha arudi huku juu akitulia.

Tezi dume ni kitu gani?

Ni tezi ya mwanaume iliyo chini ya kibofu cha mkojo, inayozunguka mrija wa mkojo pale unapoanzia. Kwa kijana ina ukubwa wa ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Wengine, hasa Kenya, huiita tezi kibofu. Ni kitu kilekile.

Saratani yake ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanaume duniani. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanaume wapatao milioni 1.47 waligunduliwa nayo na karibu 397,000 walikufa. Kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

Na maikroRNA?

Jeni zetu zimeandikwa kwenye DNA, na DNA haitoki ndani ya kiini cha seli. Seli ikitaka kutengeneza protini fulani, hunakili maelekezo ya jeni husika kwenye RNA mjumbe, na mjumbe huyo huyapeleka nje ya kiini kwenye ribosomu, ambako protini hujengwa. MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA, chenye herufi 22 hivi, ambacho chenyewe hakitengenezi protini yoyote. Humkamata mjumbe njiani, na ujumbe wake ukafika nusu au usifike kabisa.

Watu wengi huelezwa kwamba maikroRNA "huzima jeni". Si hivyo hasa. Hufanya kazi kama mtu anayepunguza utambi wa jiko la mafuta ya taa ili wali usiungue: moto upo, ila umeshushwa. Protini nyingi mwilini hazina madhara zikiwa kidogo, zikawa hatari zikizidi. Ndiyo maana kupotea kwa kitu kidogo namna hii kunaweza kuzaa ugonjwa mkubwa.

Inatengenezwaje ndani ya seli?

Huanza ikiwa uzi mrefu wa RNA uliojikunja kama pini ya nywele. Ndani ya kiini, kimeng'enya kiitwacho Drosha hukata uzi huo na kubakiza pini peke yake. Pini husafirishwa nje ya kiini, na huko kimeng'enya kingine, Dicer, hukata kichwa chake. Kinachobaki huingia kwenye protini iitwayo Argonaute, na hapo ndipo kazi huanza. Argonaute huibeba maikroRNA huku na huko, ikitafuta RNA mjumbe ambayo mkiani mwake kuna herufi zinazooana nayo. Herufi zinazoamua zaidi ni chache mno, kuanzia ya 2 hadi ya 8.

Saba tu! Wanafunzi wangu hushangaa hapa, na nadhani wana haki ya kushangaa. Herufi saba zinazooana zinapatikana kwa wajumbe wengi, kwa hiyo maikroRNA moja inaweza kuwapunguza nguvu mamia. Inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya jeni zetu zinazotengeneza protini ziko chini ya udhibiti wa aina hii.

Nani aliyezigundua?

Victor Ambros na Gary Ruvkun, nchini Marekani, wakichunguza mnyoo wa udongo mwenye urefu wa milimita moja hivi, *C. elegans*. Mwaka 1993 walionyesha kwamba jeni ya mnyoo huyo iitwayo lin-4 haitoi protini bali RNA fupi inayoibana jeni nyingine, lin-14. Wengi waliona ni mambo ya minyoo tu. Ilipofika mwaka 2000 ikaonekana ya pili, let-7, na hiyo ilikutwa hata kwa binadamu. Hapo ndipo maabara nyingi ziliamka. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2024, miaka 31 baada ya kazi yao ya kwanza.

Saratani inaingia wapi hapo?

Mlango ulifunguliwa na saratani ya damu, si ya tezi dume. Mwaka 2002 kundi la Carlo Croce, akiwemo George Calin, lilikuwa linatafuta jeni inayopotea kwenye kromosomu ya 13 kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Walitafuta jeni ya protini wasiipate. Kilichokuwa kimepotea ni maikroRNA mbili zinazokaa pamoja, miR-15a na miR-16-1.

Sehemu hiyohiyo ya kromosomu ya 13 hupotea mara nyingi kwenye saratani ya tezi dume pia. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walionyesha kinachotokea zikipotea: protini tatu huongezeka kwa pamoja. BCL2 huizuia seli kufa wakati wake ukifika, saiklini D1 huisukuma igawanyike, na WNT3A huipa ishara za kuendelea kukua. Breki moja imekatika, na magurudumu matatu yanazunguka bila kizuizi. Kwangu mimi huu ndio mfano bora wa kumweleza mtu kwa nini maikroRNA ni muhimu, kwa sababu unaonyesha jambo lote mara moja: kitu kidogo, athari nyingi, njia moja.

Ni zipi zinazotajwa zaidi kwenye tezi dume?

Ukisoma machapisho utakutana na majina mengi. Haya ndiyo ningependa uyakumbuke.

miR-21 ni ya upande mbaya. Huongezeka karibu katika kila saratani iliyochunguzwa, na hubana PTEN, mmoja wa walinzi wakuu wa tezi dume. Lakini kwa kuwa inaongezeka kila mahali, hata penye uvimbe na majeraha ya kawaida, peke yake haikuambii ugonjwa uko wapi.

miR-34a ni ya upande mzuri. Huamshwa na p53, protini inayosimamisha seli zilizoharibika. Mwaka 2011 watafiti wa Texas waligundua kwamba miR-34a hubana CD44, alama ya zile seli chache za uvimbe zenye uwezo wa kuuanzisha upya na kuusambaza. Walipoirudisha kwa panya, uvimbe ulipungua kusambaa. Nitaitaja tena kwenye dawa, na huko habari yake si njema.

miR-101 ina kisa kinachoeleweka vizuri. Kuna protini iitwayo EZH2 ambayo hufunga jeni za ulinzi, na ilijulikana kuwa huzidi kwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa. Kwa nini huzidi? Mwaka 2008 jibu lilipatikana: jeni ya miR-101, inayoibana EZH2, ilikuwa imepotea katika karibu theluthi mbili ya vivimbe vilivyosambaa walivyovichunguza.

Familia ya miR-200 pamoja na miR-205 huzifanya seli zishikane na jirani zake. Zikipungua, seli hulegea, hubadili umbo na kuhama. Kuhama huko ndiko kunakoipeleka saratani kwenye mifupa ya mgongo na nyonga.

miR-141 nitaieleza kwenye damu.

Halafu kuna miR-221 na miR-222, ambazo zimewatesa wengi. Kwenye seli za maabara zilizotoka kwa saratani kali, hubana p27, protini inayozuia seli kugawanyika, na kuharakisha ukuaji, kwa hiyo ukaona ni mbaya. Ukizipima kwenye uvimbe uliotolewa kwa mgonjwa ambaye saratani yake haijasambaa, mara nyingi zimepungua kuliko kwenye tezi isiyo na saratani. Mtu asikudanganye kwamba kila maikroRNA ni rafiki au adui. Inategemea iko kwenye seli gani, na ugonjwa umefika hatua gani.

Homoni za kiume zinahusikaje?

Zinahusika sana. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins alipoonyesha kwamba kuondoa testosteroni hurudisha nyuma saratani hii, matibabu ya ugonjwa uliosambaa yamejengwa juu ya kuibana homoni hiyo. Testosteroni hufanya kazi kupitia kipokezi cha androjeni (androjeni ni jina la pamoja la homoni za kiume), na kipokezi hicho huamsha jeni nyingi, zikiwemo za maikroRNA. miR-21, miR-32 na miR-125b zote zimeonekana kuitikia androjeni. Upande wa pili, zipo maikroRNA zinazokibana kipokezi chenyewe. let-7c ni mojawapo, nayo hupungua kwenye saratani.

Hapa kuna jambo linalowaumiza wagonjwa wengi: baada ya miezi au miaka ya sindano za homoni, yaani zile za kuishusha testosteroni, saratani hurudi ingawa testosteroni iko chini kabisa. Mara nyingi kipokezi kimepata njia ya kufanya kazi bila kutegemea homoni nyingi. Kupotea kwa maikroRNA zinazokibana ni moja ya njia zinazochunguzwa, lakini si pekee, wala si kubwa kuliko zote.

RNA huharibika upesi. Inawezekanaje ipimwe kwenye damu?

Swali zuri, na wataalamu wenyewe waliliuliza. Damu imejaa vimeng'enya vya kuharibu RNA. Ukitia RNA tupu kwenye plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, baada ya muda mfupi hukuti kitu. Lakini mwaka 2008 kundi la Muneesh Tewari huko Seattle lilionyesha kwamba maikroRNA za mwilini hudumu kwenye plazma hata ikiachwa kwenye joto la kawaida la chumba kwa saa 24, hata ikigandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa. Sababu ni kwamba hazisafiri zikiwa tupu: nyingi zimeshikwa na Argonaute, nyingine zimo ndani ya vifuko vidogo vya mafuta vinavyotolewa na seli, viitwavyo eksosomu.

Katika kazi hiyohiyo walilinganisha wanaume 25 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa na 25 wazima. miR-141 ilikuwa juu kwa wagonjwa. Walipoweka mpaka ambao haumhusishi mzima hata mmoja, waliwanasa wagonjwa 60 kwa kila 100.

Basi kwa nini hospitali bado wanatumia PSA?

PSA, kipimo cha kawaida cha damu cha kutafuta saratani hii, ina kasoro, hilo halina ubishi. Kinachopimwa ni protini ya tezi dume yenyewe, si ya saratani. Hupanda tezi ikikua kwa ajili ya umri, ikipata maambukizi, baada ya kuwekwa mpira wa mkojo, hata baada ya tendo la ndoa la karibuni. Na dawa ya finasteride, wanayopewa wengi kwa kukua kwa tezi, huishusha PSA kwa karibu nusu. Ukiitumia, mwambie daktari kabla hajasoma namba yako.

Lakini rudi kwenye hesabu ya Seattle. Hao 60 kwa 100 walikuwa na saratani iliyokwisha kusambaa, ambayo kwa kawaida PSA huiona bila shida. Tunachohitaji ni kipimo kinachoiona mapema, kisha kitofautishe ile itakayoua na ile ambayo mzee ataishi nayo hadi afe kwa jambo jingine. Huko ndiko maikroRNA za damu zimeshindwa kutoa jibu linalofanana kutoka maabara moja hadi nyingine.

Sababu mojawapo inaonekana ndogo, na mimi naiona kubwa kuliko zote: namna damu inavyochukuliwa. Chembe nyekundu za damu zimejaa miR-16 na miR-451. Mchukuaji akivuta kwa nguvu na sindano nyembamba, au chupa ikatikiswa, au ikakaa muda mrefu kabla ya kuzungushwa kwenye sentrifuji, chembe hupasuka na maikroRNA zake humwagika kwenye plazma. Sasa kumbuka kwamba maabara nyingi zilitumia miR-16 hiyohiyo kama kipimio cha kulinganishia nyingine. Ni sawa na muuza duka anayepima sukari kwa jiwe la mzani linalobadilika uzito kila asubuhi. Tafiti nyingi za mwanzo zilitofautiana kwa sababu za namna hii, si kwa sababu wagonjwa walitofautiana. Mwanafunzi wa maabara anayesoma hapa, lishike hili: kabla ya mashine ya gharama kubwa, angalia rangi ya plazma. Ikiwa na wekundu, usiitumie.

Na mkojo je?

Mkojo una faida kwamba hupita katikati ya tezi dume na hauhitaji sindano. Watafiti wa Aarhus, Denmark, wamechapisha hesabu inayotumia maikroRNA tatu za mkojo, miR-222, miR-24 na miR-30c, kutofautisha wenye saratani na wale ambao tezi yao imekua tu bila saratani. Naufuatilia mwelekeo huu kwa matumaini zaidi kuliko damu.

Kuna dawa ya maikroRNA kwa saratani hii?

Hakuna iliyoidhinishwa, si kwa tezi dume wala kwa saratani nyingine yoyote.

Iliyokwenda mbali zaidi ni MRX34, yaani miR-34a iliyofungwa ndani ya tone la mafuta. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 2013, na jumla ya wagonjwa 85 wa saratani mbalimbali waliingia. Wachache vivimbe vyao vilipungua. Lakini kinga za mwili za baadhi yao ziliitikia vibaya mno, wagonjwa wanne wakafa, na mwaka 2016 jaribio likasimamishwa. Nawataja kwa heshima. Walikuwa watu waliokwisha kumaliza dawa nyingine zote na wakakubali kujaribiwa kwanza.

Nchini Australia walijaribu namna nyingine kwa saratani ya utando wa mapafu: maikroRNA ya familia ya miR-16 ndani ya vifuko vinavyotokana na bakteria. Kazi ilikuwa ya awamu ya kwanza, na wengi wa wagonjwa 22 walioweza kupimwa hawakuona ugonjwa ukiendelea mara moja. Kazi ngumu iliyobaki ni ya usafiri, yaani kuifikisha dawa kwenye uvimbe bila kuimwaga kwenye ini na bila kuichokoza kinga.

Nimeona vyakula na mitishamba inayosemwa "hurekebisha maikroRNA". Ninunue?

Usinunue kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba ukimwagia seli za saratani kemikali ya manjano au ya chai ya kijani ndani ya bakuli la maabara, maikroRNA kadhaa hubadilika. Lakini karibu kila kitu ukikimwagia seli kwa wingi kinabadilisha maikroRNA. Kiasi kinachofika kwenye tezi dume baada ya kula ni kidogo mno kuliko kile cha kwenye bakuli.

Lipo pia dai lililovuma tangu mwaka 2011, kwamba maikroRNA ya mchele huingia kwenye damu ya anayekula na kubana jeni zake. Maabara nyingine zilijaribu kulirudia zikashindwa. Kula wali wako kwa amani, na manjano kwenye mchuzi ni mazuri. Kinachoniumiza ni mzee anayeacha sindano zake za homoni kwa ajili ya unga wa kwenye kopo.

Kituo kimoja kinaniuzia "kipimo cha maikroRNA" kwa bei kubwa. Nifanye?

Uliza mambo mawili: majibu yakitoka juu, daktari wangu atafanya nini tofauti? Yakitoka chini, je, nitaacha PSA na kukatwa kinyama cha tezi? Kama jibu la kwanza ni "hakuna" na la pili ni "hapana", hela hiyo inafaa zaidi kwenye picha ya MRI au nauli ya kumfikia daktari bingwa wa njia ya mkojo.

Tafiti hizi zinatuhusu sisi Waafrika?

Zinatuhusu, lakini zimefanywa zaidi kwa damu ya wengine. Nchini Marekani wanaume weusi hufa kwa saratani hii mara mbili hivi zaidi ya weupe. Sehemu ya sababu ni kuchelewa kufikiwa na huduma, sehemu ni ya urithi: kwenye kromosomu ya 8, eneo la 8q24, kuna tofauti za DNA zinazoongeza hatari ambazo huonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, na utafiti wa wanaume wa Uganda umechangia kuzielewa. Kwa maikroRNA, sampuli kutoka Afrika Mashariki ni chache mno. Kipimo kilichotengenezwa kwa wanaume wa Denmark hakiwezi kuletwa Mwanza au Mombasa kikaaminiwa bila kupimwa upya kwa wanaume wa huku, na kazi hiyo inahitaji friji za nyuzi 80 chini ya sifuri zenye umeme usiokatika.

Baba ana ugonjwa huu. Mimi nitarithi maikroRNA mbaya?

Mabadiliko ya maikroRNA tuliyoyaeleza hutokea ndani ya uvimbe wenyewe, hayapiti kwenye mbegu. Kinachoweza kurithiwa ni hitilafu za jeni kama BRCA2. Mwanaume ambaye baba au kaka yake ameugua ana hatari ya mara mbili au zaidi, kwa hiyo azungumze na daktari kuhusu PSA mapema, kuanzia miaka 40 hadi 45. Kama mama au dada wa ukoo huohuo walipata saratani ya matiti au ya ovari, litaje hilo pia.

Tunaogopa kile kipimo cha kidole. Hakiepukiki?

Wanaume wengi wamebaki nyumbani kwa ajili ya kidole, na wengine wamefika hospitali siku miguu ilipokufa ganzi kwa sababu saratani imebana uti wa mgongo. Kuanza kwa PSA peke yake kunakubalika. Ni damu ya mkononi tu. Daktari akihitaji kidole baadaye ni chini ya dakika moja, na una haki ya kuomba faragha.

Tumepewa majibu leo. Tuulize nini?

Uliza namba ya PSA na tarehe yake. Uliza alama ya Gleason, yaani ukali wa seli chini ya hadubini, na vinyama vingapi kati ya vilivyokatwa vilikutwa na saratani. Uliza kama imetoka nje ya tezi au imefika kwenye mifupa, na kama mifupa imepigwa picha. Ikiwa ni ya kiwango cha chini na bado iko ndani ya tezi, uliza kama kufuatiliwa bila kutibiwa kwanza ni njia inayofaa, kwa sababu kwa wengine inafaa kabisa. Ikiwa imesambaa, uliza sindano za homoni zinaanza lini na nani atalipia. Bima nyingine zinataka kibali mapema.

Kama maumivu ya mgongo yanazidi, miguu inalegea au mkojo umefunga, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke usiku huohuo. Kwa Dar es Salaam, Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road wanaifahamu kazi hii, kwa Moshi ni KCMC, kwa Nairobi ni Kenyatta, na kwa Kampala ni Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Nenda na majibu yote ya karatasi, hata ya zamani, pamoja na orodha ya dawa anazomeza.